Namba Moja Haina Mwenyewe

Kila Jumapili, kabla hata kengele ya kanisa haijanyamaza, watu wa mji wetu mdogo wa Sarandí Chico huanza kubeba viti vyao kuelekea shuleni. Si kwamba shule hufunguliwa siku hiyo. Lango hutiwa kufuli, na Mwalimu Mirtha huwa kwake anakanda unga wa tambi kama kila mtu. Lakini kisanduku cha mtandao kilichopigiliwa ndani ya maktaba hakijui Jumapili wala sikukuu. Mtandao wake huvuka ukuta na kufika njiani. Basi watoto hupanga viti ukutani na kufungua kompyuta zao ndogo za kijani walizopewa na shule. Wazazi huketi nyuma yao wakinywa mate, ile chai chungu ya majani inayopita mkono hadi mkono kwa bomba moja, huku wakiteta kuhusu mpira na bei ya nyama.

Anahí Cabrera, msichana wa darasa la tano, alikuwa na mahali pake chini ya dirisha la maktaba. Mwezi Juni ulikuwa umeingia na baridi imeanza kuuma, kwa hiyo alikuja na blanketi la kufunika miguu. Jumapili ile alikuja pia na bibi yake.

Bi Zulma hakuwa mtu wa kompyuta. "Mimi na mashine tulikosana tangu enzi za cherehani," alipenda kusema. Lakini mwanawe, Heber, alikuwa amehamia Uhispania miaka mingi iliyopita kuendesha malori, na sasa mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Candela. Kumwona mjukuu huyo kulimtoa bibi jikoni, jambo ambalo hata daktari hakuliweza.

"Yuko wapi?" aliuliza, akiinamia kioo cha kompyuta. "Hapa hakuna mtoto. Kuna duara linazunguka tu."

"Vumilia kidogo, Bibi. Tunasubiri namba."

"Namba ya nini? Kwani tuko zahanati?"

Maicol, mwanafunzi mwenzake Anahí aliyekaa kiti cha pili, akaangua kicheko. "Ni kama zahanati kweli, Bi Zulma! Kisanduku humpa kila mtu namba yake. Huna namba, huingii. Leo watu wamejaa, namba zimekwisha."

Walingoja hadi mtoto mmoja alipoitwa kwenda kula. Ndipo duara likajaa rangi ya kijani na uso wa Heber ukatokea, tayari amevaa koti la kazini. Bibi alipata kuona nywele chache nyeusi na mdomo mdogo unaopiga miayo.

"Mama, imenibidi nikimbie, lori linaningoja," alisema Heber. "Lakini sikiliza. Jumapili ijayo tunambatiza. Mama wa ubatizo ni wewe. Nimeshaongea na padri. Jirani yetu atamshika mtoto kwa niaba yako, nitaweka kompyuta mbele ya maji, na wewe utajibu kwa sauti yako mwenyewe. Huku itakuwa saa kumi na mbili jioni, kwenu saa saba mchana. Usichelewe, Mama! Padri huyu ana haraka kama moto."

Picha ikapotea. Bi Zulma alibaki ameshika kilemba chake cha sufu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka na huku anacheka. Anahí alimtazama, akaapa moyoni kwamba Jumapili ijayo, hata dunia nzima ije na viti, bibi yake hatakosa namba.

Kesho yake alimwendea binamu yake Yonatan, kijana wa sekondari, ambaye kwa maoni yake mwenyewe hakuna asichokijua. Yonatan alimfungulia dirisha la mitandao.

Nieleze kidogo hapa. Programu zilizomo katika kompyuta zile ni huria. Hazina kufuli: mtoto yeyote anaweza kuzifungua, kutazama zinavyofanya kazi, hata kuzibadilisha. Ipo mojawapo ambayo kazi yake ni kutafuta mtandao, kuomba namba, na kukumbuka kila ulichoiagiza. Mwalimu Mirtha aliupenda sana uhuru huo. Alichowaagiza wanafunzi wake kilikuwa kimoja tu: "Chunguzeni mpendavyo. Lakini anayebadilisha kitu katika dirisha la mitandao aniambie siku hiyo hiyo."

"Unaona hapa pamechaguliwa 'yenyewe'?" alisema Yonatan. "Maana yake kompyuta inaomba namba yenyewe, na inapanga foleni kama watu wengine. Ukichagua 'kwa mkono', unaandika namba uitakayo. Foleni kwisha."

"Namba yoyote tu?"

"Yoyote isiyokuwa ya mtu. Ukichukua ya mwenzako mtagombana."

Jumanne baada ya masomo, Anahí alipita ukutani akichungulia kompyuta za wenzake, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Namba zote zilikuwa ndefu na zilianza kwa njia ileile. Tofauti ilikuwa mkiani tu. Ya Maicol iliishia na kumi na nane. Ya Pilar iliishia na ishirini na tatu. Wengine walikuwa na thelathini, arobaini, hamsini na kitu. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na moja! Anahí hakuamini bahati yake. Namba nzuri kuliko zote, namba ya mshindi, imekaa bure haina mwenyewe.

Akaketi, akachagua 'kwa mkono', akaandika namba inayoishia na moja, akahifadhi. Duara likajaa kijani papo hapo, bila kuzunguka hata kidogo. Wakati huohuo mama yake akamwita kutoka kwenye kona, naye akafunga kompyuta na kukimbia akiwa mwepesi wa furaha.

Alikumbuka agizo la mwalimu alipokuwa anavua viatu. "Nikimwambia atanikataza," aliwaza. "Nitamwambia baada ya ubatizo." Akaenda kula.

Wiki ile darasani hawakuzigusa kompyuta. Kila siku ilikuwa mazoezi ya sherehe ya bendera, na wanafunzi walisimama uwanjani katika makoti yao meupe na tai zao kubwa za buluu mpaka pua zikawa nyekundu kwa baridi. Lakini Jumatano jioni Anahí alimpeleka bibi yake ukutani ili azoee kuongea na kamera bila kuipigia kelele.

Bi Zulma alifungua kiti, akamimina maji ya moto kwenye mate, akaketi. Anahí akafungua kompyuta. Mara ukuta mzima ukaguna, "Aaaah!"

"Mtandao umekatika!"

"Wangu pia!"

Anahí alitazama duara lake. Lilikuwa la kijani, limejaa. Lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Walingoja, wakapuliza vidole, wakangoja tena. Mwishowe bibi akasema miguu inakufa ganzi, wakafunga kila kitu na kuondoka. Hawajafika mbali, wakasikia shangwe nyuma yao: "Umerudi!"

Alhamisi ikawa vilevile. Walipofika, mtandao ukakatika, walipoondoka, ukarudi.

Sasa, sisi watu wa Sarandí Chico tuna akili timamu katika mambo mengi, lakini tukiguswa na jambo la nuksi akili hutuhama. Tuna neno la mtu ambaye akifika tu mambo huharibika: tunamwita mufa. Mpeleka barua wetu wa zamani alizuiwa kuingia uwanja wa mpira kwa sababu timu ilifungwa mabao kila alipokaa kutazama. Alisikiliza mechi za timu yake redioni, mtaa wa pili kutoka uwanjani, mpaka alipostaafu. Na mufa hatajwi jina. Ukimtaja, nuksi inakugeukia. Unasema 'yule', kisha unagusa mti upesi.

Ijumaa Maicol aliwaona wakija kwa mbali. Akagonga kiti chake cha mbao. "Huyo anakuja."

"Nani?" aliuliza Pilar.

"Yule! Usimtaje! Hebu fikirini. Amekuja Jumatano, ukakatika. Amekuja jana, ukakatika. Kabla hajaanza kuja hapa tulikuwa na shida gani?"

Pilar akashika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Bi Zulma akaketi, akawasalimu wote, na Anahí akafungua kompyuta.

"Aaaah!"

"Nimesema mimi! Nimesema!" Maicol aliruka juu. "Ni mufa, jamani! Guseni mti!"

Mikono ikaenda kwenye viti, kwenye dirisha, kwenye mti wa barabarani. Bi Zulma alidhani ni mchezo, akacheka pamoja nao. Kisha mama yake Maicol akaja taratibu, akaangalia chini kama mtu aliyeangusha kifungo. "Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Ni watoto tu. Lakini, labda... ungekaa kidogo kule mbali, upande wa bustani?" Hakumtaja jina. Walikuwa wakijuana miaka mingi, na hakumtaja jina.

Uso wa Bi Zulma ukashuka. Alikunja kiti. Anahí aliikumbuka ile namba. "Lakini duara langu limejaa," alijiambia. "Mimi niko sawa. Haiwezi kuwa mimi." Akambebea bibi yake chupa ya maji moto, wakarudi nyumbani.

Jumamosi wakati wa chakula cha mchana, bibi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Kesho siendi."

"Huendi wapi, Bibi?"

"Ukutani. Jirani yake Heber atajibu. Si atakuwa amemshika mtoto? Basi."

"Lakini mama wa ubatizo ni wewe!"

"Sikia, mjukuu wangu. Marehemu babu yako hakunipeleka uwanjani hata siku moja. Alisema nikienda tunafungwa. Nilikuwa nikimcheka." Alisukuma sahani. "Labda alikuwa ameona kitu. Siwezi kumpelekea Candela mkosi siku yake ya kwanza mbele ya Mungu."

Akaingia jikoni na kuanza kumenya boga ambalo hakuna aliyemwomba alimenye. Blauzi yake mpya ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa mgongoni mwa kiti. Anahí aliitazama, akashindwa kumaliza chakula.

Mchana huo alikwenda ukutani peke yake. Akafungua kompyuta.

"Aaaah!" Watoto wakatazamana.

"Mbona leo yule hayupo?" Pilar aliuliza.

"Amemwambukiza Anahí," alisema Maicol, ingawa hakuwa na uhakika kama jana.

Anahí akafunga kompyuta. Akasubiri. Baada ya muda mfupi mtu akasema, "Umerudi." Akaifungua tena kidogo, kama anayechungulia chungu. "Aaaah!" Akaifunga. Haikuwa bibi. Haikuwa nuksi. Ilikuwa ile namba yake nzuri ya mshindi.

Alikwenda mbio nyumbani, akafungua dirisha la mitandao, akaweka kidole tayari kuchagua 'yenyewe'. Bonyezo moja tu, na kila kitu kingekuwa kama zamani, wala hakuna ambaye angejua. Kidole kikabaki hewani. Kwa sababu aliona vizuri sana kitakachotokea. Kesho mtandao utafanya kazi siku nzima, bibi atakuwa nyumbani, na ukuta mzima utasema: mnaona? Hakuja, na haukukatika. Akitengeneza kimyakimya, atakuwa amethibitisha kwamba bibi yake ni mufa. Na bibi mwenyewe ataamini hivyo maisha yake yote.

Anahí aliondoa kidole. Alilia kidogo, kwa aibu, maana hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kusema.

Jumapili asubuhi, mchana ukikaribia, alibisha mlango wa Mwalimu Mirtha. Mwalimu alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, na tambi mbichi zilikuwa zimeanikwa kwenye mpini wa ufagio uliolazwa juu ya viti viwili.

"Mwalimu, nimekuja kusema jambo. Nilibadilisha namba yangu ya mtandao kwa mkono, na sikukuambia. Mtandao unakatika kwa sababu yangu. Na watu wanasema bibi yangu ni mufa, na yeye ameamini, na leo ni ubatizo, na haji!"

Alimwaga yote kwa pumzi moja. Mwalimu aliketi.

"Uliandika namba gani?"

"Inayoishia na moja. Niliona haina mwenyewe."

Mwalimu Mirtha alijitahidi kukaza uso, lakini kicheko kilimshinda, na unga ukamdondoka kutoka kwenye nyusi. "Moja! Ewe mtoto! Moja ina mwenyewe kuliko zote. Ni namba ya kisanduku. Kila kompyuta ikitaka kutoka nje, huuliza kwanza: moja yuko wapi? Na yako ilikuwa inaitika: mimi hapa! Basi wote wakakuletea mizigo yao, na wewe huna barabara ya kuipitisha. Hata mizigo yako mwenyewe ilikwama." Kisha kicheko kikaisha. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa utanikataza."

"Hiyo moja ningekukataza, ndiyo. Lakini ningekusaidia kutafuta njia nyingine. Ndiyo maana niliwaomba mniambie." Alisimama kunawa mikono. "Namba tutairudisha sasa hivi, huko huko ukutani. Lakini jina la bibi yako siwezi kulirudisha mimi."

"Najua, Mwalimu."

Ukuta ulikuwa umefurika. Mtandao ulikuwa unakwenda vizuri, na Maicol alikuwa akimweleza kila anayefika kwa nini. "Yule amebaki nyumbani! Mnaona unavyoruka leo? Kama mbuzi!"

Anahí alisimama mbele yao na kompyuta mikononi. "Naomba mnisikilize. Bibi yangu yuko hapa?"

"Hayupo, na tunashukuru!" mtu akajibu, wakacheka.

Anahí akafungua kompyuta. Kicheko kikageuka kuwa "Aaaah!" Akaifunga, akangoja mpaka wakasema umerudi. Akaifungua tena. "Aaaah! Wewe, acha!"

"Ni mimi," alisema. "Si bibi. Niliandika namba ya kisanduku ili nisipange foleni. Sikujua ni yake. Lakini nilipoanza kushuku, nilinyamaza, mkamsema bibi yangu nikiwa nimekaa hapahapa. Hakuna mufa hapa. Ni mimi na namba yangu."

Pilar akauliza, "Kwa hiyo siku zote zile, baridi yote ile, ni wewe?"

"Ni mimi."

Maicol alikuwa akichunguza kamba za viatu vyake. Mama yake aligeuka upande wa bustani na kujipangusa macho. Mwalimu Mirtha alimwambia Anahí arudishe mpangilio mbele ya wote, ili kila mtu aone. Anahí akachagua 'yenyewe', akahifadhi, na duara likaanza kuzunguka. Likazunguka. Likazunguka.

"Namba zimekwisha tena," alisema mwalimu. "Watu ni wengi."

Lakini Anahí alikuwa ameshatimua mbio.

Alimkuta bibi yake amekaa jikoni na vibiringisho vya nywele kichwani, amekodolea macho saa ya ukutani. Alipiga magoti mbele yake, akamwambia kila kitu, pamoja na habari za Yonatan na za mwalimu.

"Ulijua?" aliuliza bibi.

"Mwanzoni sikujua. Jana nilijua kabisa. Lakini tangu juzi nilikuwa na wasiwasi, na sikusema. Nisamehe, Bibi."

Ilimuuma Bi Zulma, na hakuficha. "Jana nimelilia boga zima kwa ajili yako," alisema. "Hilo tutalizungumza, na hutalipenda. Sasa niambie, saa ngapi?"

"Inakaribia saa saba!"

"Kiti! Lete kiti! Blauzi yangu iko wapi?"

Walitokea kwenye kona mbio, bibi akiwa na blauzi mpya, na vibiringisho vyote bado viko kichwani. Hakuna aliyegusa mti. Kompyuta ilikuwa juu ya mapaja ya mwalimu, na duara lilikuwa bado linazunguka. Dakika zilikuwa zinayeyuka. Anahí alihisi machozi yanarudi.

Ndipo Maicol akasimama. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya. "Bi Zulma," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bi Zulma, nakupa namba yangu." Akakata mtandao, akafunga kompyuta. Pilar naye akafunga. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka ukuta mzima ukawa umefunga, ili njia yote ibaki ya mtu mmoja.

Duara likajaa kijani.

"Mama!" Uso wa Heber ulijaza kioo. "Nilidhani hutatokea! Mama, mbona una vibiringisho?"

"Nyamaza, nionyeshe mtoto!"

Akamwonyesha. Candela alikuwa amevikwa gauni jeupe refu mara tatu yake, mikononi mwa jirani, macho wazi. Nyuma yake padri alikuwa tayari amefungua kitabu, na kweli alikuwa na haraka.

"Mama wa ubatizo, unamkataa Shetani?"

"Namkataa!" Bi Zulma alijibu kwa nguvu hadi mbwa wa mtaa wakabweka. Na kwa kuwa watoto wote walikuwa wamejazana nyuma ya kiti chake, nao wakaitikia, "Namkataa!"

Padri alinyanyua macho. "Samahani. Mama wa ubatizo ni wangapi?"

"Ni mtaa mzima, Padri," alisema Heber, naye akacheka huku analia.

Maji yalipomgusa kichwani, Candela alipiga ukelele uliovuka bahari na kutoka kwenye kompyuta ndogo ya kijani, na ukuta wote ukapiga makofi. Bi Zulma alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo. Anahí alisimama ubavuni pake.

Baadaye mama yake Maicol alileta sahani ya maandazi ya moto yenye sukari, akamimina mate na kumpa Bi Zulma wa kwanza. "Zulma, nimeona haya," alisema. Maicol alikuwa nyuma yake. "Na mimi, Bi Zulma. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kiti hiki utanibebea kila Jumapili mpaka baridi iishe."

"Kila Jumapili?"

"Unataka niongeze na Jumamosi?"

Watu wakavunjika mbavu, Maicol akiwemo. Mwalimu Mirtha alingoja kicheko kitulie, kisha akawaita watoto karibu.

"Kesho Anahí atasimama darasani na kutufundisha namba moja ni ya nani. Dirisha la mitandao sitalifunga. Liliachwa wazi ili mjifunze, na anayejifunza hukosea. Hata mimi nimeharibu mengi." Alimgeukia Anahí. "Kukosea kwako, mwanangu, kulitukatia mtandao kwa muda tu. Kunyamaza kwako kulikaribia kumkosesha bibi yako ubatizo wa mjukuu wake. Ukiharibu kitu, sema mapema, wakati bado ni kitu tu, kabla hakijawa mtu." Kisha akawatazama wengine wote, na wazazi pia. "Na sisi tuliobaki tusijione wasafi. Mtandao ulipokatika, hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nini. Wote tuliuliza ni nani."

Mama yake Maicol alivuta kiti chake, akakiweka karibu kabisa na cha Bi Zulma, akaketi.